Simu za upepo katika shamba la mizabibu Hombolo: tathmini baada ya misimu miwili ya mavuno

Shamba letu la mizabibu liko Hombolo, kaskazini mashariki mwa Jiji la Dodoma, na limekaa vibaya kwa mawasiliano. Kisima na pampu viko chini bondeni, mistari ya mwisho ya mizabibu iko juu umbali wa kilomita moja na nusu hivi, na katikati kuna kilima cha mawe kinachomzuia mtu wa upande mmoja kumwona wa upande wa pili. Simu ya mkononi hushika mtandao ukisimama juu ya mwamba, lakini ukishuka kwenye mistari hupati mtu wala hupatikani. Kwa miaka kadhaa kijana mmoja alikuwa na kazi ya kukimbia tu: bomba la matone likichomoka kule juu, yeye ndiye aliyeshuka kumwambia mtu wa pampu afunge, na mpaka afike, maji yalikuwa yameshamwagika na dizeli imeshaungua bure.

Mwaka jana tulinunua simu za upepo tatu, yaani redio za mkononi za kuitana, katika duka moja la vifaa vya elektroniki mjini, na baadaye tukaongeza mbili za aina rahisi zaidi. Tumezitumia katika mavuno ya Machi na ya Septemba, katika vumbi la kiangazi na katika masika, na sasa naona naweza kuzisema kwa uhakika. Kifaa chenyewe ni kizuri kuliko bei yake. Hata hivyo, hakifai kutumiwa kama kinavyotoka kwenye boksi, na muuzaji anayekwambia kwamba kinafaa anakupeleka pabaya.

Chapa sitaitaja, kwa sababu redio za namna hii huuzwa kwa majina mengi huku ndani yake zikiwa karibu kitu kilekile. Atakayeiona dukani ataitambua: ni nyeusi, inashikika vizuri mkononi, ina kioo kidogo chenye mistari miwili ya namba, vitufe kama vya simu ya zamani, tochi juu, na antena fupi ya mpira inayofungwa kwa kuzungushwa. Inapokea na kurusha katika bendi mbili, yaani megahezi 136 hadi 174 na megahezi 400 hadi 480. Nguvu yake ya juu inatajwa kuwa wati 5 na ya chini wati 1, inahifadhi chaneli 128, na betri yake ni ya volti 7.4. Ina pia redio ya kawaida ya FM, ambayo hukatika yenyewe mtu akiita na kurudi mazungumzo yakiisha. Mlinzi wetu wa usiku anaisifia kuliko kitu kingine chochote.

Upana huo wa bendi unaonekana dukani kama fadhila, lakini humo ndimo matatizo yanamoanzia. Ndani ya megahezi 136 hadi 174 kuna watu wengi wanaofanya kazi kwa leseni: kampuni za ulinzi, vyombo vya usalama, magari ya huduma na vyombo vya majini, na megahezi ile ya kwanza kabisa, kutoka 136 hadi 137, ni ncha ya bendi ya ndege. Redio hii haijui mipaka hiyo. Ukiiandikia namba sita za masafa, yaani mahali pa kurushia mawimbi ndani ya bendi, ikazikubali, itarusha hapo, na mtu aliyelipia masafa hayo atakusikia juu ya mazungumzo yake.

Kijana wa dukani alituambia hivi: “Kaka, hizi hazina mambo ya leseni. Washeni, wekeni namba zinazofanana, ongeeni.” Jioni ile tuliziwasha nyumbani kama zilivyokuja, na chaneli ya pili tuliyoifungua ilikuwa na mafundi wa ujenzi wakiitana kuhusu gari la zege. Kabla sijasema neno, mmoja wa vijana wetu alibonyeza kitufe akawajibu. Waliduwaa, halafu msimamizi wao akauliza kwa ukali ni nani ameingia. Hebu fikiria ingekuwa ni mtu wa winchi anaambiwa ashushe au asishushe mzigo. Tulizima zote tatu, tukazirudisha kwenye maboksi, na hazikutoka tena mpaka shughuli za leseni zilipokamilika.

Kwa Tanzania jambo hili halina utata. Masafa yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na kurusha mawimbi bila leseni ni kosa. Mamlaka hiyo ina ofisi ya Kanda ya Kati hapahapa Dodoma, kwa hiyo mkulima wa huku hana sababu ya kusema njia ni ndefu. Ushauri wangu ni kwamba uende kuuliza kabla ya kununua, ukiwa na jina kamili la modeli unayoitaka, ili ujue kama aina hiyo imeidhinishwa na masafa utakayopewa yatakuwa katika bendi gani. Sisi tulinunua kwanza tukauliza baadaye, na kama modeli ingekataliwa, hasara ingekuwa yetu. Masafa tuliyopangiwa siyaandiki hapa, kwa kuwa si ya kunakiliwa na mtu mwingine.

Baada ya hapo ndipo kazi ya kuipanga redio inapoanza, na hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye boksi imeandikwa kwa herufi ndogo na lugha iliyokatikakatika.

Fungia antena kabla ya kitu kingine chochote, na uikaze kwa vidole mpaka ikome, bila koleo. Usibonyeze kitufe cha kuongelea hata kwa majaribio antena ikiwa haipo, maana nguvu inayotakiwa kwenda hewani hugeuka nyuma na kuweza kuunguza sehemu ya kurushia. Weka betri, iache kwenye chaja mpaka taa nyekundu igeuke kijani, ndipo uiwashe. Kioo kikionyesha masafa yaliyoandikwa kwa namba, uko katika hali ya kuandika masafa. Kikionyesha namba ya chaneli pembeni, uko katika hali ya kumbukumbu. Masafa huandikwa katika hali ya kwanza, kwenye mstari wa juu, kisha unaingia kwenye menyu kuweka mambo manne: nguvu ya kurushia, upana wa chaneli, toni, na muda wa ukomo wa kurusha, yaani muda ambao ukipita redio huacha kurusha yenyewe hata kitufe kikiwa bado kimebonyezwa. Mambo hayo yakikamilika ndipo unahifadhi chaneli katika kumbukumbu na kurudi kwenye hali ya pili, na mfanyakazi asiione tena hali ya kwanza.

Upana wa chaneli hupuuzwa na wengi. Huwa ni kilohezi 12.5 au 25, na leseni ndiyo inayosema upi ni wako. Redio moja ikiwa kwenye upana mmoja na nyingine kwenye mwingine, mtasikilizana, lakini sauti ya mmoja itakuwa hafifu kama ya mtu aliyefunikwa blanketi, na ya mwingine itakuwa inapasuka. Sisi tulihangaika siku mbili tukiilaumu spika ya redio ya tatu, kumbe ilikuwa hiyo tu.

Toni nayo inahitaji kueleweka vizuri. Ni mlio wa chini sana, kuanzia hezi 67.0 hadi 254.1, unaotumwa pamoja na sauti yako bila kusikika, na redio ya mwenzako hufungua spika pale tu inapoutambua. Faida yake ni kwamba hamsumbuliwi na mikwaruzo wala mazungumzo ya mbali. Wauzaji huiita siri, na si kweli. Mtu yeyote ambaye redio yake haikuwekewa toni anasikia kila kitu mnachosema. Kwa sababu hiyo, kwetu siku ya malipo haitajwi hewani, wala fedha ya mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa, wala mlinzi amekaa upande gani wa shamba.

Ukiwa na redio zaidi ya mbili, usizipange kwa vidole. Nunua waya wa kompyuta na utumie programu ya CHIRP, ambayo ni ya bure na inasoma aina nyingi za redio hizi. Kwanza soma yaliyomo ndani ya redio na uhifadhi nakala pembeni bila kuigusa. Halafu badilisha nakala ya pili na kuirudisha. Ile ya kwanza ndiyo itakayokuokoa siku mambo yakivurugika. Fundi mmoja wa mjini alitufanyia redio zote tano kwa asubuhi moja, akafuta chaneli zote za kiwandani, akaacha zetu mbili tu, na kazi yake imesimama mpaka leo. Yeye namshukuru kwa dhati, kwa sababu alikataa kuanza kabla hajaona karatasi ya leseni.

Kuhusu umbali, boksi linaahidi kilomita nyingi ambazo hutazipata. Mawimbi haya huenda kama macho yanavyokwenda. Watu wawili waliosimama kwenye tambarare, redio zikiwa usawa wa kifua, hufunikwa na mviringo wa dunia wakiachana kilomita tisa au kumi hivi, na hapo hujahesabu miti, nyumba na vilima. Shambani kwetu, kutoka pampu hadi mistari ya juu, wati 1 inatosha upande usio na mawe. Nyuma ya kilima hata wati 5 huwa mikwaruzo mitupu, lakini ukisogea hatua ishirini kushoto, pale mwamba unapoachia, sauti inarudi safi. Tumepaka alama ya chokaa kwenye jiwe mahali hapo, na kila anayetaka kuita pampu husimama kwenye alama. Kutoka juu ya kilima chenyewe nilizungumza na mwenzangu aliyekuwa karibu na bwawa la Hombolo bila shida yoyote. Kwa hiyo kabla ya kununua antena ndefu, panda mahali pa juu kwanza. Mita kumi za kimo zitakusaidia kuliko kuongeza wati.

Sasa nieleze jambo lililotugharimu. Mtu wa pampu aliiweka redio ndani ya mfuko wa spana, na spana moja ikakaa juu ya kitufe cha kuongelea. Kule juu tulichosikia ni vyuma vikigongana na mtu akipiga mluzi. Wakati huohuo kiungo cha bomba kubwa kikafumuka mbele ya macho yetu. Tulimwita, tukamwita tena, na hakuna kilichomfikia, kwa kuwa redio inayorusha haiwezi kupokea, na tena ilikuwa imeziba chaneli kwa kila mtu. Muda wa ukomo wa kurusha ulikuwa umewekwa sekunde 600. Niliuongeza mimi mwenyewe nikidhani ni muda wa kuhifadhi betri. Kwa dakika karibu kumi tulikuwa na redio tatu zisizo na faida, na yule kijana wetu akalazimika kukimbia kama zamani. Mistari miwili ya mizabibu michanga ilichimbuliwa na maji mpaka mizizi ikaonekana. Tangu siku hiyo ukomo ni sekunde 60 katika kila redio, na redio hukaa kifuani, haiingii mfukoni wala kwenye mfuko wa vifaa.

Jambo la pili ni la lugha yetu wenyewe. Ukibonyeza kitufe, redio huchukua kitambo kidogo kabla sauti haijaanza kutoka, hasa mkitumia toni, na anayeongea papo hapo hupoteza silabi za kwanza. Katika Kiswahili silabi hizo ndizo hubeba ukanushi wa amri. Mtu alisema “usifunge”, kule chini kikafika “funge”, na pampu ikazimwa wakati dawa iko katikati ya bomba. Tumekubaliana kwamba hewani hatutumii ukanushi kabisa. Tunasema “funga” au “acha wazi”, na anayepokea lazima airudie amri kabla ya kuitekeleza. Mazungumzo yetu ni mafupi:

“Pampu, pampu, hapa juu. Unanipata?”

“Nakupata, juu. Leta.”

“Funga laini ya pili. Ova.”

“Nafunga laini ya pili. Ova.”

Mzee wetu wa zamu ya usiku, ambaye hakuwahi kushika kifaa cha namna hii maishani mwake, aliyashika haya kwa siku moja, na yeye ndiye anayewasahihisha vijana wanapoanza kusalimiana kwa kirefu hewani.

Kuhusu usalama wa mwili, wati 5 si nyingi, lakini chanzo chake kiko sentimita chache tu kutoka kwenye jicho na ubongo wako. Shika redio wima, kinywa kikiwa mbali nayo kwa sentimita mbili na nusu hadi tano, antena isiguse uso wala mwili, na usiongee zaidi ya nusu ya muda unaoitumia. Umbali huo pia hufanya sauti yako isikike vizuri, kwani anayeimeza redio husikika kama anapiga kelele ndani ya pipa. Tumia wati 1 kila inapotosha. Antena iliyochanika mpira ibadilishwe, maana chuma kilicho wazi kikigusa ngozi wakati wa kurusha huweza kuunguza kidogo. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo kilichopandikizwa azungumze na daktari wake kabla ya kupewa redio.

Penye mvuke wa petroli, redio izimwe, na betri isichomolewe wala kuchomekwa hapo, kwa sababu cheche ndogo ya kwenye vyuma vya betri vinavyopitisha umeme inatosha kuwasha mvuke. Lakini ninalolisisitiza zaidi kwa watu wa Dodoma ni machimbo. Jiji linajengwa, na kokoto inapasuliwa katika vilima vinavyotuzunguka. Penye baruti inayolipuliwa kwa fataki za umeme, nyaya za fataki zinaweza kuyapokea mawimbi ya redio kama antena inavyofanya, na umeme unaozaliwa humo, redio ikiwa karibu vya kutosha, unaweza kuilipua fataki kabla ya wakati wake. Ukiona bango la kuamuru simu na redio zizimwe, zima kabisa. Kupunguza sauti hakutoshi, na wala usijiambie kwamba hutaongea, kwa kuwa umeshaona spana ilivyoongea kwa niaba ya mtu wetu wa pampu. Dereva wetu anayepitia machimboni kwenda mjini huitoa betri nyumbani na kuisafirisha peke yake.

Ngurumo zikianza, shuka kwenye mwamba hata kama hapo ndipo sauti inapopatikana. Masika yetu ni mafupi lakini yana radi kali, na mtu aliyesimama mahali pa juu kuliko vyote ndiye aliye hatarini.

Betri inadumu siku nzima ya kazi kwa wati 1, pungufu ya hapo ikiwa mlinzi amesikiliza FM tangu asubuhi. Vumbi jekundu la huku huingia kwenye vipande vya shaba vya chaja vinavyogusana na betri, taa ikawa kijani kabla betri haijajaa. Vifute kwa kitambaa kikavu kila wiki. Usichaji betri iliyotoka kwenye gari lililopigwa na jua la Oktoba mpaka ipoe, kwa kuwa betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45. Iliyovimba usiirudishe kazini, na ya akiba usiiweke mfuko mmoja na funguo au sarafu. Redio hii haikinzi maji. Moja ililowa umande tu, ikawa bubu siku mbili mpaka tulipoikausha kivulini ikiwa imetolewa betri.

Kitufe cha rangi ya chungwa pembeni kina king'ora, na kwenye modeli nyingi king'ora hicho hurushwa hewani pia, kwa hiyo watoto wasikichezee. Mtu akiumia vibaya, redio ni ya kumwita aliye karibu na simu. Polisi ni 112 na zimamoto ni 114, na namba hizo tumezibandika nyuma ya kila redio.

Nikiulizwa leo ninunue ipi, nitasema hii yenye vitufe iwe moja tu, ya msimamizi anayeelewa alichopewa. Kwa wafanyakazi zichukuliwe zile zisizo na kioo wala vitufe vya namba, zenye kizungushio cha chaneli 16 na kitufe kimoja cha kuongelea. Hazina tochi nzuri wala FM, na bendi yake mara nyingi ni ile ya megahezi 400 pekee, jambo ambalo ni lazima liendane na leseni yako. Hata hivyo, hakuna anayeweza kuingia kwenye masafa ya mtu mwingine kwa kubonyezabonyeza, na kwangu hilo linatosha. Zile mbili tulizoongeza ni za aina hiyo, na kwa ajili yake tulirudi TCRA kuomba masafa ya bendi ya juu. Kilichoharibika mpaka sasa ni vibanio vya mkandani, ambavyo vimevunjika kwenye redio nne kati ya tano, na mahali pake tumefunga kamba ya katani.